Maswali na Majibu: Nani Anafanya Zaidi Kuhusu Tabianchi, na Amepimwaje?

Barua nyingi za mwezi huu zina hoja moja kwa sura tofauti: nchi ipi inafanya zaidi kuhusu mabadiliko ya tabianchi, na anayesema hivyo amepima kwa kipimo gani. Tumechagua sita. Penye neno NDC, maana yake ni ule mpango ambao kila nchi iliyomo kwenye Mkataba wa Paris wa 2015 huuwasilisha Umoja wa Mataifa na kuutoa upya kila baada ya miaka mitano.

Shikamooni. Niko mwaka wa pili chuoni. Tumepewa kazi ya kupanga nchi za Afrika Mashariki kwa ahadi zao za kupunguza gesijoto ifikapo 2030. Nimepata Rwanda asilimia 38, Tanzania 30 hadi 35, Kenya 32, Uganda 24.7, nikazipanga hivyo hivyo. Mwalimu kanirudishia karatasi kaandika: "Hujalinganisha kitu." Nimekosea wapi? (Mwanafunzi, Mwanza)

Marahaba. Asilimia zote nne umezinakili sawasawa, ila kila moja ni asilimia ya kitu kingine. Nchi hizi hazikuahidi kushuka kutoka kiwango cha mwaka fulani uliokwisha kupita. Zimeahidi kushuka kutoka kwenye makadirio ya 2030, yaani gesijoto ambazo zingetoka iwapo mambo yangeendelea bila sera mpya. Makadirio hayo huitwa mstari wa mwenendo wa kawaida, na kila nchi huuchora yenyewe kwa namna inavyokadiria ukuaji wa uchumi, ongezeko la watu na ukataji wa misitu. Mstari ukichorwa juu, asilimia inakuwa nyepesi kuifikia.

Tazama Uganda. Mwaka 2015 iliahidi asilimia 22 kutoka mstari wa tani milioni 77.3. Mwaka 2022 ikaahidi asilimia 24.7, lakini kutoka mstari wa tani milioni 148.8. Zidisha mwenyewe: ahadi ya kwanza inaacha tani milioni 60.3, ya pili inaacha 112. Asilimia imepanda, na tani zilizoachwa nazo zimekaribia kuwa mara mbili. Usikimbilie kuandika kwamba wamedanganya. Mstari wa pili ulichorwa upya kwa takwimu mpya, na nchi inayosahihisha takwimu zake inafanya inavyopasa. Kosa ni la msomaji anayeweka 22 kando ya 24.7 na kutangaza kwamba ahadi imekazwa.

Kenya: mstari wake ni tani milioni 143. Ukiondoa asilimia 32 unabaki na 97.2. Waraka huohuo wa Kenya wa 2020 unasema nchi ilitoa tani milioni 93.7 mwaka 2015. Kwa hiyo "kupunguza asilimia 32" kwa vitendo ni kupanda kwa karibu asilimia 4 katika miaka 15. Kwa nchi ambayo watu na uchumi wake vinakua haraka, hilo si jambo dogo hata kidogo, ila usiliweke safu moja na asilimia 55 ya Umoja wa Ulaya. Ile ya Ulaya inahesabiwa kutoka 1990, na huko ni kushuka chini ya kiwango ambacho kimeshapimwa.

Tanzania inakupa kazi zaidi. NDC ya 2021 inataja asilimia na tani pamoja: 30 hadi 35, sawa na kupunguza tani milioni 138 hadi 153. Jaribu kurudi nyuma kuutafuta mstari. Ukigawanya 138 kwa 0.30 unapata 460. Ukigawanya 153 kwa 0.35 unapata takriban 437. Mistari miwili, pale ulipotegemea mmoja. Ukikutana na hali hii usichague namba inayokupendeza. Andika zote mbili, eleza kwamba mstari haurudishiki kutokana na takwimu hizo peke yake, na iweke Tanzania kwenye upeo badala ya nafasi moja.

Halafu kuna masharti. Katika 38 ya Rwanda, 16 ni kwa nguvu zake na 22 ni kama fedha za nje zitapatikana. Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo iliahidi 21, na kati ya hizo 2 tu hazina sharti. Kenya haikugawa asilimia yenyewe, imegawa gharama: asilimia 21 ya gharama za kupunguza gesijoto itabeba yenyewe. Hivyo vipande haviwezi kukaa kwenye safu moja.

Jedwali lako liwe na safu hizi: mstari wa 2030 kwa tani, kiwango cha karibuni kilichopimwa na mwaka wake, kiwango kilichoahidiwa kwa tani, sehemu isiyo na sharti, sehemu yenye sharti, na kama misitu na ardhi vimehesabiwa. Safu hiyo ya mwisho ndiyo inayoangusha wengi. Kwetu ukataji wa misitu ni sehemu kubwa ya hesabu, na nchi iliyouhesabu haiwezi kupangwa na isiyouhesabu. Ukimaliza, gawanya tani kwa idadi ya watu. Pengine mpangilio wako utapinduka wote.

Ukitoka nje ya ukanda utakutana na maumbo mengine. Afrika Kusini imetaja kiwango chenyewe: tani milioni 350 hadi 420 mwaka 2030. Hiyo ndiyo ahadi rahisi kuliko zote kuilinganisha. India imeahidi asilimia 45 kutoka 2005, lakini ya gesijoto kwa kila rupia ya pato la taifa. Uchumi unaokua asilimia 6 kwa mwaka unafika mara 1.79 baada ya miaka kumi. Kiwango kwa rupia kikishuka kwa theluthi, jumla ya gesijoto bado inapanda kwa karibu asilimia 20.

Nashughulika na takwimu za mifugo. Nina ripoti tatu za miaka tofauti, idadi ya ng'ombe ni ileile, lakini gesijoto zao hazilingani. Wapi palipoharibika? (Msomaji, Mbarara)

Huenda hapajaharibika popote. Ng'ombe hutoa methani, na methani hugeuzwa kuwa kabonidayoksaidi kwa kuizidisha na namba ya kulinganisha nguvu ya joto kwa miaka 100. Namba hiyo imebadilika kila Jopo la Kiserikali la Mabadiliko ya Tabianchi, IPCC, lilipotoa tathmini: 21 katika tathmini ya pili, 25 katika ya nne, 28 katika ya tano.

Chukua ng'ombe milioni moja wasio wa maziwa. Kiwango cha jumla cha IPCC cha 2006 kwa Afrika ni kilo 31 za methani kwa kila ng'ombe kwa mwaka, yaani tani 31,000. Zidisha kwa 21 upate tani 651,000; kwa 25 upate 775,000; kwa 28 upate 868,000. Theluthi nzima imeongezeka na hakuna ndama aliyezaliwa. Kanuni za Paris sasa zinataka namba za tathmini ya tano, kwa hiyo zirudishe ripoti zote tatu kwenye tani za methani, kisha zidisha upya kwa 28. Usizidishe jumla kuu kwa uwiano wa 28 kwa 25, kwa sababu jumla ina gesi nyingine. Naitrasi oksaidi, kwa mfano, ilishuka kutoka 298 hadi 265.

Mambo mawili ya kukagua kabla hujalaumu mtu. Ripoti za kitaifa hupenda gigagramu, na gigagramu moja ni tani 1,000. Kuna majedwali yaliyosoma gigagramu kama tani milioni. Pili, takwimu za misitu wakati mwingine zimeandikwa kwa tani za kaboni tupu. Kuzifanya kabonidayoksaidi unazidisha kwa 44 na kugawanya kwa 12, yaani kama mara 3.67.

Hamjambo. Nimesoma kwamba Denmark ni ya nne duniani katika orodha ya CCPI, ile inayopanga nchi kwa juhudi zao za tabianchi. Nikatafuta ya kwanza, ya pili na ya tatu, sikuziona. Orodha ina makosa? Na mbona Kenya haimo? (Mwanahabari, Nairobi)

Haina makosa. Wanaoitayarisha wameamua nafasi tatu za juu ziachwe wazi hadi itokee nchi inayofanya vya kutosha kwa vipimo vyao vyote. Kwa hiyo "ya nne" hapo ni ya kwanza kati ya zilizopangwa, na ukiandika habari liseme hilo, la sivyo wasomaji watakuuliza ulichoniuliza. Kenya haimo kwa sababu orodha inachukua nchi 63 na Umoja wa Ulaya, ambazo kwa pamoja hutoa zaidi ya asilimia 90 ya gesijoto za dunia. Anayetoa kidogo hapimwi kabisa. Kutokuwamo si sifa wala aibu. Kenya utaipata kwa Climate Action Tracker, wanaofanya kazi hii tangu 2009, lakini hao hawapangi nafasi. Wanatoa daraja kwa maneno, kutoka inayoendana na kikomo cha joto la dunia kupanda kwa nyuzi 1.5 hadi isiyotosha kabisa.

Kabla hujanukuu nafasi yoyote, tazama uzito. CCPI inatoa asilimia 40 kwa gesijoto, 20 kwa nishati jadidifu, 20 kwa matumizi ya nishati na 20 kwa sera. Tuseme nchi ya kwanza imepata 80, 20, 80 na 20 kwa mpangilio huo, na ya pili 50, 60, 50 na 70. Kwa uzito wa sasa zote zinapata 56, sare tupu. Badilisha sera iwe 40 na gesijoto iwe 20: ya kwanza inaanguka hadi 44, ya pili inapanda hadi 60. Hakuna aliyebadilisha sheria wala mtambo.

Alama ya sera hutokana na dodoso wanalojaza wataalamu wa asasi za kiraia wa nchi husika, kwa hiyo hubadilika haraka serikali inapobadilika. Takwimu za gesijoto hubaki nyuma kwa mwaka mmoja au miwili. Ndani ya toleo moja, basi, unasoma serikali ya leo na moshi wa juzi. Andika alama pamoja na nafasi; kuna mahali nafasi tatu nzima zimetenganishwa na nusu alama.

Naandaa jedwali la ukali wa sera za magari yaliyotumika kwa Kenya, Uganda na Tanzania, kila nchi ipewe alama 0 hadi 10. Nianzie wapi? (Afisa, Dodoma)

Umechagua vizuri, kwa sababu hapa kuna nchi tatu jirani zenye njia tatu tofauti. Kenya inakataza gari lililozidi miaka 8, na inadai usajili wa kwanza usipishane na mwaka wa kutengenezwa kwa zaidi ya mwaka mmoja. Usilipuuze hilo sharti la pili. Bila hilo, gari lililolala bohari miaka mitatu lingeingia kama changa. Uganda tangu 2018 inakataza magari ya miaka 15 na zaidi kutoka yalipotengenezwa, na yaliyo chini ya hapo lakini makuukuu hulipiwa tozo ya mazingira. Tanzania haikatazi, inatoza ushuru wa ziada kwa gari dogo lililofikisha miaka 8, na ushuru huo ni mkubwa zaidi likipita 10.

Marufuku na ushuru havipimwi kwa rula moja. Vipe safu mbili. Safu ya marufuku ipime umri. Safu ya gharama ipime ushuru kwa fedha, si kwa asilimia. Sababu ni hii: gari linavyozeeka, thamani yake inashuka, na asilimia inayotozwa juu ya thamani hiyo inashuka nayo. Tuseme kuukuu linathaminiwa dola 1,500 na ushuru wa ziada ni asilimia 30. Hizo ni dola 450, jumla 1,950. Lililo changa la dola 5,000 bado liko mbali sana na mfuko wa mnunuzi. Asilimia 30 inaonekana kali kwenye gazeti la serikali, na bandarini haimzuii mtu.

Alama zenyewe sasa. OECD, shirika la ushirikiano wa kiuchumi la nchi ambazo nyingi ni tajiri, wana mfumo wa kupima sera na hatua 56 kwa alama 0 hadi 10, kuanzia 1990. Alama hutolewa kwa kutazama sera imekaa wapi kati ya nchi zote na miaka yote iliyomo kwenye sampuli. Ukiiga utaratibu huo kwa nchi tatu tu, Kenya inachukua 10 kwa kukosa mshindani. Ingiza Afrika Kusini, ambayo kwa kawaida hairuhusu kabisa kuingiza magari yaliyotumika, na Kenya inashuka bila kugusa sheria yake. Kwa hiyo amua mipaka ya kipimo kabla ya kuanza, kwa mfano 0 ni kutokuwa na kanuni yoyote na 10 ni marufuku kamili, kisha usiibadilishe.

Utaulizwa pia: Afrika Kusini ilikataza ili kulinda viwanda vyake, je, hiyo ni sera ya tabianchi? OECD wanahesabu hata sera iliyotungwa kwa lengo jingine, mradi itarajiwe kupunguza gesijoto kweli. Ukifuata njia hiyo, ifuate kwa nchi zote.

Mwisho tenganisha tarehe tatu: sheria ilipopitishwa, ilipoanza, na ilipoanza kutekelezwa. Hiyo ya tatu haimo kwenye sheria, iko forodhani. Omba mwaka wa kutengenezwa wa kila gari lililoingia, hesabu asilimia ya yaliyozidi miaka 10 kwa miaka miwili kabla na miwili baada. Ondoa magari ya kupita njia, maana Dar es Salaam na Mombasa hupokea ya Kongo, Uganda na kwingineko, na ukiyaacha humo utaipa Tanzania au Kenya makuukuu ambayo hayakubaki. Watu wawili watoe alama bila kuonana. Wakipishana kwa zaidi ya alama moja, tatizo mara nyingi ni maelezo ya kipimo, si mtoa alama.

Sisi hatuna kodi ya kaboni. Kwenye ulinganisho wa bei ya kaboni tunapata sifuri? (Msomaji, Arusha)

Kwa jina, ndiyo. Kwa athari, hapana, kwa kuwa ushuru wa mafuta ni bei juu ya moshi hata kama haukuitwa hivyo. Lita ya petroli inatoa kama kilo 2.3 za kabonidayoksaidi, ya dizeli kama 2.7. Tuseme ushuru ni shilingi 400 kwa lita kwa zote mbili. Kwa petroli gawanya 400 kwa 2.3, zidisha kwa 1,000: takriban shilingi 174,000 kwa tani. Kwa dizeli ni 148,000. Ushuru sawa kwa lita, kumbe moshi wa dizeli unauzwa rahisi zaidi. Serikali ikitoa ruzuku ya shilingi 100 kwa lita, iondoe kwanza. VAT usiihesabu, inatozwa kwa bidhaa nyingi na haimsukumi mtu kuacha mafuta hasa.

Kisha zidisha kwa sehemu ya gesijoto inayoguswa. Kama petroli na dizeli ni asilimia 10 ya gesijoto zote za nchi, zile 148,000 hadi 174,000 ni kama 15,000 hadi 17,000 tu ukizitandaza kwa tani zote. Mkaa, mifugo na misitu haviguswi.

Wenye kodi kwa jina nao wakaguliwe vivyo hivyo. Afrika Kusini ilianza Juni 2019 na randi 120 kwa tani, namba iliyonukuliwa kila mahali. Lakini kila mlipaji alisamehewa asilimia 60 tangu mwanzo, na kwa misamaha mingine wengine walifika 95. Bei iliyolipwa kweli ilikuwa randi 6 hadi 48. Anayelinganisha nchi kwa bei iliyotangazwa analinganisha matangazo.

Assalaam alaikum. Oman inauza mafuta na gesi nje na imeahidi kufikia sifuri halisi ifikapo 2050, yaani gesijoto zinazotoka zisizidi zinazoondolewa hewani. Moshi wa mafuta hayo anahesabiwa nani? (Msomaji, Maskati)

Wa alaikum salaam. Anahesabiwa anayeyachoma. Hesabu za Umoja wa Mataifa hufuata mipaka ya nchi, kwa hiyo ahadi iliyotangazwa Oktoba 2022 inagusa gesi inayochomwa visimani, umeme, viwanda, magari na nishati ya kusindika gesi, siyo meli ya gesi ikishaondoka Qalhat, bandari inakosafirishiwa gesi hiyo. Mafuta ya meli na ndege za safari za kimataifa huandikwa pembeni na hayaingii kwenye jumla ya nchi yoyote.

Zipo hesabu zinazompa mnunuzi wa bidhaa moshi wa kiwanda cha mbali, lakini hata hizo hazimpi mchimbaji moshi wa mafuta aliyouza. Ukitaka hilo, chukua uzalishaji wa mwaka, uzidishe kwa moshi wa kila pipa, na uweke kwenye safu yake peke yake. Usiujumlishe na jumla ya kitaifa: mafuta yanayochomwa ndani yatahesabiwa mara mbili. Na ukigawanya kwa watu, tumia wakazi wote, wageni wakiwemo. Katika nchi za Ghuba, kugawanya kwa raia peke yao kunaipandisha namba kupita kiasi, na kuna majedwali yanayozunguka mitandaoni yaliyofanya hivyo bila kusema.